Mpishi wa Viko Vyeupe

Hakuwahi kuvuta tumbaku hata mara moja, na mtu akiwasha sigara kituoni yeye alivuka barabara, hata kama mvua ilikuwa inanyesha. Lakini kwa miaka saba ya ujana wake alipika viko. Kupika ndilo neno lake, na kwa sababu hiyo sisi tuliokutana naye kwenye ibada ya Kiswahili ya kila mwezi huku Landani tulimwita Mpishi. Wageni walidhani ni mpishi wa pilau, wakawa wanamwomba asaidie kwenye harusi. Alikwenda. Pilau yake haikuwa nzuri.

Viko hivyo vilikuwa vya jiwe jeupe linalochimbwa upande wa Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, katika bonde ambalo zamani lilikuwa ziwa na sasa ni vumbi. Jiwe hilo likikauka ni jepesi kiasi kwamba kipande kinaweza kuelea majini. Likilowa hukatika kwa kisu kama sabuni. Lilichimbwa kwa mikono, likapakiwa kwenye lori, likafika kiwandani Arusha, na huko wanaume walilikereza kwa mashine, wakalitoboa, wakaliacha likauke. Mwisho kabisa liliingia chumba cha nyuma, kwa wanawake wanne na sufuria ya nta ya nyuki. Mkubwa wa chumba hicho, akiwa na miaka ishirini na minne, alikuwa yeye.

Kiko cha jiwe hili kina tabia ambayo watu wengi hawaijui. Kinatoka kiwandani kikiwa cheupe. Mwenyewe anapokivuta, moshi hupenya jiwe kidogo kidogo, unakutana na nta iliyomo, na baada ya miaka ule weupe huanza kugeuka. Kwanza unakuwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, kisha asali, kisha kahawia nzito yenye wekundu kwa ndani. Kama nta ilikuwa safi na imeingia sawasawa, rangi hutanda sawasawa. Kama sivyo, kiko hutoka mabaka.

Kwa hiyo ubora wa kazi ya Mpishi usingeweza kujulikana siku aliyoifanya. Ungejulikana miaka ishirini au thelathini baadaye, mkononi mwa mtu asiyemfahamu, katika nchi ambayo hakutarajia kufika. Wale wanawake wanne waliviona viko vikiwa vyeupe tu. Maelfu, weupe mtupu, vimepangwa juu ya gunia kama mayai. Aliniambia kwamba hata leo akifumba macho anaviona hivyo, na mvuke wa nta umetanda juu yake kama ukungu wa asubuhi, na hakuna hata kimoja kilichobadilika.

Nilimfahamu kwa miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ni kupanga ratiba za mabasi, na jioni nasoma. Hakuna aliyenifundisha, ila maktaba ya mtaa. Nilikuwa nimeanza kukusanya habari za jiwe hilo kabla sijakutana naye, kwa sababu tu nilisoma mahali fulani mstari mmoja kwamba Tanzania iliwahi kuuza viko dunia nzima, na mstari wa pili haukuwepo. Nilipomweleza, baada ya ibada, akiwa ameshika kikombe cha chai cha karatasi, alinitazama kuanzia viatuni.

"Wewe unavuta?"

"Hapana, Mama."

"Sasa viko vya nini?"

"Nataka kujua vilitengenezwaje."

"Vilipikwa," akasema, akanywa chai yake.

Tangu siku hiyo aliniita Bwana Ratiba, na kila alichonieleza alikieleza kwa mpango aliodhani mimi naupenda: kwanza, pili, tatu. Mara nyingi ya pili haikufuata ya kwanza.

Kwanza, nta. Inatoka Tabora, ya manjano, ina harufu ya maua yaliyokauka. Inayeyushwa polepole, isichemke. Kiko kinazamishwa kikiwa kikavu kabisa, na hapo hewa iliyomo ndani ya jiwe inaanza kutoka, vipovu vidogo vinapanda mfululizo kama jiwe linapumua. Unasubiri. Vipovu vikipungua, kimekaribia. Vikikoma, kimeshiba. Chumbani hamkuwa na saa, kwa hiyo walipima kwa wimbo wa kanisani: beti tatu kwa kiko kidogo, tano kwa kikubwa, na anayeharakisha mwendo wa wimbo anatolewa sufuriani, anapelekwa kufuta vumbi.

Mazoea hayo alihama nayo. Alipokuja Landani alifanya kazi ya kutunza wazee majumbani, na bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akimhudumia alizoea yai la beti mbili. Siku Mpishi alipougua, akaja mwingine wa zamu, yule bibi alikataa yai. Alisema halikuimbiwa.

Binti yake ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya mapafu. Nyumbani kwao Ilford, mashariki mwa Landani, hilo lilikuwa jambo la mzaha usiokwisha.

"Mama, viko vyako vinaniletea wagonjwa," binti angesema, akivua viatu vya kazi mlangoni.

"Mshukuru Mungu, mwanangu. Bila mimi ungekosa ajira."

Lakini nilimwona siku nyingine ametulia, binti ameshakwenda kazini, akasema bila kunitazama, "Ni kweli, unajua. Tulitengeneza kitu kizuri cha kufanyia kitu kibaya." Akaongeza: "Lakini kilikuwa kizuri."

Kuhusu jiwe lenyewe alikuwa na ubishi. Nilimsomea kwamba Wajerumani waliliita povu la bahari. Alicheka mpaka akakohoa. "Bahari ipi? Pale hata ng'ombe wanatafuta maji." Nilimsomea pia kwamba wajuzi wa Ulaya huliona jiwe la Uturuki kuwa jeupe na jepesi zaidi, na letu kuwa zito na lenye kijivu, ndiyo maana vingi vya kwetu vilipakwa rangi au kuvikwa ngozi kabla ya kuuzwa. Hapo hakucheka.

"Vilivyopakwa rangi vilikuwa vya daraja la chini. Vya daraja la kwanza vilikuja kwangu vyeupe, vikaondoka vyeupe. Hao wajuzi walisubiri miaka mingapi?"

"Hawakuandika."

"Basi hawajui. Kiko hakihukumiwi dukani."

Hakuwa na hasira na wajuzi. Hofu yake ilikuwa juu ya sufuria yake mwenyewe. Aliniambia mwaka wa tatu wa kufahamiana kwetu, ndani ya treni, tukitoka soko la vitu vya zamani Jumapili. Treni ilikuwa imetoka chini ya ardhi, na mwanga mweupe wa Landani ulikuwa umelala juu ya mapaa yote bila kivuli. Alianza kusema akiwa anatazama nje, sauti ileile ya kwanza, pili, tatu.

Mwaka wa mwisho kiwandani ulikuwa katika miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Malori hayakuwa na mafuta, na nta ya Tabora ikaacha kufika. Msimamizi alikwisha sema: nta ikiisha, chumba cha nyuma kinafungwa, wanawake wanne waende nyumbani. Mmoja alikuwa mjane mwenye watoto watano. Mpishi alikuwa na zamu ya kufagia kanisa kila Jumamosi. Akaanza kuokota vipande vya mishumaa vilivyobaki altareni, akavifunga kwenye kitenge, akaviyeyusha ndani ya nta, robo kwanza, kisha nusu. Msimamizi alipouliza kwa nini nta imepauka, alimwambia ni ya nyuki wa msimu wa kiangazi. Akaapa.

"Mshumaa ule ni wa nta ya mafuta ya petroli," aliniambia. "Nyuki hakuugusa. Sijui ulifanya nini ndani ya jiwe. Labda hakuna. Labda kuna mtu hapa Ulaya amevuta kiko miaka thelathini akisubiri rangi, kiko kikamtokea mabaka kama ugonjwa wa ngozi, anasema, haya ndiyo mambo ya Waafrika."

"Utavijuaje viko vya mwaka ule?"

"Pete. Shingoni tulizoea kufunga pete ya shaba nyeupe. Mwaka ule shaba nayo iliisha, zikaja pete za alumini. Nyepesi, zinajikunja kwa kucha. Kiko chenye pete ya alumini ni kiko cha mshumaa."

Basi hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta kila Jumapili kwenye meza za vitu vya zamani, ingawa mimi miaka miwili ya mwanzo nilidhani tunafanya historia. Alitaka kukiona kimoja kilichovutwa kweli, akione kimegeukaje, ajue alichofanya.

Utafutaji huo ulikuwa na mambo yake. Siku moja, tukiwa kwenye basi mtaa wa Kilburn, alimwona mzee mmoja Mwailandi akishuka na kiko mdomoni, hakijawashwa. Mpishi akashuka naye. Mimi nikashuka nyuma ya Mpishi, vituo vitatu kabla ya kwetu. Alimfuata mpaka mbele ya duka la kinyozi, akamwomba kwa Kiingereza chake cha adabu amwonyeshe. Yule mzee alimkabidhi bila kuuliza, kama mtu aliyekuwa akingoja miaka yote aombwe. Mpishi alikigeuza, akakipima uzito kiganjani, akamrudishia, akashukuru.

"Vipi?" nikauliza.

"Mti tu," akasema kwa huzuni, na yule mzee akaitikia kwa kichwa, akidhani amesifiwa.

Kwa miaka mingi tulipata vitatu vya Arusha. Viwili vilikuwa na alumini, lakini vilikuwa vyeupe. Walivinunua watalii, wakaviweka kabatini. Vile havikumwambia chochote. Cha tatu kilikuwa na pete ya shaba, na kilikuwa kimevutwa maisha yote ya mtu. Muuzaji alikiinua tu, na rangi yake ikanivuta mpaka mezani. Ilikuwa kama chai ya rangi kwenye glasi iliyoinuliwa dirishani. Haikuwa na baka hata moja. Mpishi alikishika kwa mikono miwili, akakaa nacho juu ya ngazi za mlango wa watu kwa muda mrefu sana, watu wakimpita. Wiki nzima alikuwa mchangamfu. Ibada iliyofuata akaniambia, "Lakini ile ilikuwa nta ya kweli," na uchangamfu ukaisha.

Macho yake yalianza kuharibika miaka minne iliyopita. Katikati ya kila anachokitazama palizuka doa, likawa linakua. Daktari alisema pembeni ataendelea kuona, katikati hapana. Kwa hiyo alijifunza kutazama kando: akitaka kukuona uso, aligeukia ukuta. Watu wasiojua walidhani amewanunia. Mimi nilikaa upande wake, akitazama dirisha, nikajua ananiona. Hakulalamika juu ya kusoma wala juu ya nyuso za wajukuu, lakini aliniuliza mara mbili, ndani ya mwezi mmoja, kama ninadhani tutakipata kabla.

"Kabla ya nini, Mama?"

"Usinifanye nilitaje, Bwana Ratiba."

Kilipatikana hapo hapo Ilford, mwendo wa dakika tisa kutoka kwake. Nilikwenda kununua kitambaa cha mapazia katika duka la mzee mmoja wa Kihindi mzaliwa wa Arusha, ambaye sikuwahi kujua ni wa Arusha mpaka aliponisikia nikizungumza kwenye simu kwa Kiswahili. Sasa duka ni la mwanawe; yeye hukaa ua wa nyuma. Nilipomtajia viko alisema, "Unataka cha kwangu? Nilinunua Arusha mwaka tuliohama. Mpaka leo ninacho, kila siku navuta mara moja tu, baada ya chakula." Niliuliza pete. Alikitoa mfukoni, akaikunja kidogo kwa kucha.

Sikukitazama vizuri. Niliona si haki nikione kabla yake.

Nilimleta Mpishi Alhamisi, saa nane mchana. Uani palikuwa na viti viwili vya plastiki, ndoo ya mnanaa, na jua jembamba la Aprili. Mzee wa vitambaa alisimama.

"Karibu, Mama. Usikae hapo, hiyo imevunjika mguu. Kaa hapa. Kweli wewe ndiye uliyepika hii?"

"Kama pete ni alumini, ni mimi."

"Miaka arobaini nasema naenda kumshukuru aliyetengeneza. Nikifikiri ni mwanamume, mwenye ndevu."

"Ndevu zimeanza kuota sasa," alisema Mpishi, "umesubiri vizuri." Akanyoosha mkono.

Alikishika. Akagusa pete, akaikunja, akaiachia. Kisha aliinua kiko, akageuza uso kuelekea ukuta wa jirani, akajaribu kukinasa kwa pembe ya jicho, juu, chini, karibu, mbali. Nilimwona anatafuta. Baadaye akashusha mkono.

"Naona kuna kitu cheusi na mwanga nyuma yake. Rangi siioni." Akanipa. "Niambie. Na usinipambie."

Nilikigeuza mara tatu. Kwa kawaida nasema ninachokiona, na ni kazi yangu. Basi likichelewa nasema limechelewa. Siku hiyo nilitamani kuwa mtu wa aina nyingine. Upande wa kulia kilikuwa kama kile cha sokoni, asali nzito, kimetulia. Upande wa kushoto palikuwa na baka lililopauka, refu kama kidole, na chini yake vidoa vinne au vitano vidogo.

"Upande mmoja ni mzuri kabisa," nikasema. "Upande wa pili una baka."

"Kubwa?"

"Kama kidole gumba. Na vidoa chini yake."

Alikunja mikono juu ya magoti, cherehani ikifanya kazi ndani ya duka. Halafu akamgeukia mzee wa vitambaa, yaani akautazama mlango, na akamweleza yote: kanisa, kitenge, mishumaa, kiapo. Hakupunguza. Alimaliza kwa kusema, "Ulinunua jiwe zuri, nikakutilia uchafu. Naomba radhi."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika.

"Mama, ngoja," akasema. "Aliyeniuzia aliniambia: usishike kichwa cha kiko kikiwa cha moto, shika mrija. Nta ikiwa moto, kidole kinaiharibu. Mimi nilimsikia. Lakini mwaka wa kwanza hapa baridi ilikuwa baridi. Duka halina moto, mikono inakufa. Nikawa nashika kichwa, kila siku, napasha mkono. Huu wa kushoto." Akauinua. "Hiyo baka ni mimi."

"Ni mshumaa," alisema Mpishi.

"Ni kidole."

"Mzee, usinihurumie. Nimekuja mbali."

"Umetoka barabara ya pili. Na sikuhurumii. Mimi nalijua kosa langu miaka arobaini, wewe unakuja leo unataka kulichukua."

Nilimwomba mzee akishike kama alivyokuwa akikishika zamani. Alikizungushia vidole, kidole gumba kikatua juu ya baka na kulifunika lote. Nikamwambia Mpishi hivyo. Nikamwambia pia kwamba vile vidoa vya chini vilibaki nje, na kwamba hakuna kidole kinachofika pale.

"Vingapi?"

Nilikichukua tena, nikahesabu. "Vitano."

"Vitano ni vyangu," akasema taratibu, kama mtu anayepokea kitu mkononi na kukipima. "Vitano." Alichukua mkono wangu akataka nimwonyeshe mahali. Alivipitia kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, ingawa havikuwa na mwinuko wowote, hapakuwa na kitu cha kugusa. Kisha akamrudishia mzee kiko.

"Umeshakula?"

"Nimekula saa saba."

"Basi kivute. Shika mrija."

Mzee alinitazama mimi kwanza. Alijaza tumbaku polepole, akawasha, akashika mrija kwa vidole viwili kama mwanafunzi. Moshi ulipanda wa buluu, ukakaa juu ya mnanaa, ukageuka mweupe kwenye jua. Nilisubiri Mpishi avute kiti chake nyuma. Alikivuta mbele. Alikaa karibu kabisa, ameupa ukuta uso, na kwa pembe ya jicho akafuatilia kitu ambacho mimi niliyekuwa na macho mazima sikukiona.

Simu yake ikalia ndani ya mkoba, akanipa nipokee. Alikuwa binti yake, ametoka wodini, anauliza mama yuko wapi, mbona muda wote huo hapokei.

Nilimtazama Mpishi. Hakuondoa uso ukutani.

"Mwambie niko kazini," akasema.